Nota Bila Maneno

Kwaya yetu ina utaratibu unaowaudhi wageni: maneno hayagawiwi mpaka nota zikae. Wiki mbili, wakati mwingine tatu, watu wazima wenye wajukuu wanaimba do, mi, so, so, la, kama watoto wa chekechea. Utaratibu huo niliuleta mimi, na kelele zao hazinibabaishi. Mtu ukimpa maneno mapema anaanza kutokwa na machozi kabla hajajua kuimba. Kwa hiyo nilipokuta karatasi ya nota tupu ndani ya Biblia ya mume wangu, miezi mitatu baada ya kumzika, sikushangaa kuona haina maneno. Nilidhani ni wimbo wa kanisa aliokuwa akinitungia, kifo kikamuwahi.

Mume wangu nilimkuta mpiga gitaa wa bendi ya dansi. Mimi nilikuwa nimeokoka, tena ule wokovu wa moto, wa kumkemea hata dereva anayepiga honi kwa mahadhi. Nikamwambia peupe: gitaa au mimi. Akasema gitaa ameliuza. Akabatizwa, akawa fundi wa mafriji, na kwa miaka ishirini na tisa sikumsikia akipiga hata mluzi. Kanisani alichezesha midomo tu. Redio ya nyumbani niliiweka kwenye stesheni ya dini, kisha nikang'oa kile kitufe cha kubadilishia nikakitupa. Kwenye semina za akina mama nilikisimulia kisa hicho cha kitufe, na walinipigia makofi.

Basi alipokufa, nyumba ikabaki na redio hiyo na mimi. Mchana nipo chumba cha kufulia cha hospitali, napiga pasi mashuka. Kule mashine zinanguruma, watu tunaongea kwa ishara, na mtu akiniita anataka shuka. Jioni napika chakula cha watu wawili kwa mazoea, halafu nakila siku ya pili nikiwa na hasira. Alhamisi saa kumi na moja tu ndiyo ilikuwa nafuu. Nilikuwa nikifungua mlango wa kanisa, watu thelathini wanasema, "Mwalimu!" Bila hiyo Alhamisi sijui ningekuwa mgeni wa nani.

Zile nota nikazipa maneno. Nikaandika maombi ya mtu aliyebaki peke yake, anayemwambia Mungu kwamba chumba ni kikubwa mno. Sikuhitaji kufikiri sana. Kwaya ikajifunza wiki tatu, tukaimba Jumapili, na kanisa zima likalowa machozi. Jumapili iliyofuata wakauomba tena.

Baada ya hapo mzee mmoja wa kanisa, fundi bomba, alikuja kazini kwetu kuziba bomba linalovuja. Alipomaliza hakuondoka. Akanivuta hadi kwenye korido, mahali pa kusikilizana.

"Mwalimu, ule wimbo mimi nimeucheza."

"Umeucheza wapi?"

"Ukumbini. Kabla Bwana hajaniona. Jumapili nimesimama na sahani ya sadaka, nashangaa goti linaenda lenyewe."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Ni wa bendi ya marehemu," akasema. "Nisamehe, lakini siwezi kunyamaza."

Wiki hiyo hiyo nikaitwa mbele ya wazee. Mchungaji wetu ni kijana. Nilimfundisha kuimba, tena kabla sauti yake haijakomaa. Alinikaribisha kiti kwa heshima zote, na heshima hizo zikanitia wasiwasi.

"Tuni haina dhambi," nikaanza mimi. "Do ni do. Haijui kama iko baa au madhabahuni."

"Lakini anayeisikia anajua, Mama," akasema mchungaji. "Mzee hapa alikuwa na sahani mkononi, akili yake iko ukumbini. Na ni wewe uliyetufundisha kwamba wimbo wa dunia ni mlango, ukiuacha wazi kidogo tu, umeuacha wazi."

Yalikuwa maneno yangu kabisa, hata pale alipovuta pumzi ndipo ninapovutia mimi. Wakanipa njia mbili. Jumapili nisimame mbele ya kanisa niseme nilidanganyika, wimbo ufutwe, yaishe. Nisipotaka, niache kwaya.

"Ni sentensi moja tu, Mama," akaniambia mlangoni.

Nilikuwa tayari kuisema, nisidanganye hapa. Wimbo mmoja dhidi ya watu thelathini, nani angechagua wimbo? Nilitaka tu kwanza kujua maneno yake ya zamani. Kama yalikuwa machafu, ningeungama kwa moyo mweupe. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi nikaenda kwa kinyozi aliyekuwa mpiga ngoma wa bendi ile. Miaka yote hiyo hakuwahi kukanyaga kwangu, kwa sababu nilimkataza mume wangu urafiki naye.

Kibanda chake kina kiti kimoja, kioo kimoja na pazia la bluu kwa nyuma. Aliponiona alizima mashine, akamwacha mteja na kichwa nusu.

"Shemeji! Karibu. Huyu atasubiri, haendi popote hivyo alivyo."

Nikamwimbia mstari wa kwanza kwa nota, nikamuuliza maneno yake ni yapi. Akatabasamu kabla sijafika mwisho.

"Ah, chumvi! Ni wa mwanamume aliyetumwa chumvi dukani. Kakutana na marafiki, kasahau. Sasa yuko nje ya mlango wake, anaogopa kuingia."

"Halafu?"

"Halafu basi. Anaimba pale nje mpaka wimbo unaisha."

"Hakuna mwanamke mwingine? Hakuna pombe?"

"Shemeji, hata soda haimo. Nyuzi alikuwa anapenda sana huo. Kila Alhamisi tulianza nao."

Nyuzi ndilo jina walilomwita kwenye bendi. Nilikuwa sijalisikia tangu harusi yetu. Lakini lililonishika halikuwa jina.

"Alhamisi gani?"

Kinyozi akamtazama mteja wake, kama vile huyo angemsaidia.

"Si hizi za mazoezi yenu? Wewe ukienda kanisani, yeye anakuja hapa. Anakaa muda wa saa moja na nusu, halafu anakimbia ili akutangulie kufika. Nilidhani mwishowe alikuambia." Akasogeza pazia. Gitaa lilikuwa limesimama ukutani, limefutwa vumbi. "Aliniuzia mimi. Hakukudanganya hapo."

Nikakaa kwenye benchi la wateja. Miaka ishirini na tisa nilirudi Alhamisi nikamkuta mezani, mkimya, nikamsimulia jinsi tulivyoimba. Alikuwa akisikiliza kwa makini sana. Nami nilikuwa nikimwonea huruma kwamba hajui raha ya kuimba.

"Karatasi niliikuta kwenye Biblia," nikasema. "Kauandika wimbo kwa nota zetu."

"Alihangaika nazo hizo! Alisema kwenu maneno huja baadaye. Alisema, nikimpa bila maneno ataupenda, akishaupenda ndipo nitamwambia." Akakuna kidevu. "Nilimuuliza mara nyingi kama amekupa. Kila mara ananiambia wiki ijayo."

Machozi yalinitoka mbele ya yule mteja mwenye kichwa nusu, naye, Mungu ambariki, akajifanya anasoma bei za ukutani. Ningemfanya nini mume wangu angenipa ile karatasi na kuniambia ukweli? Nalijua jibu. Ningempeleka kwa wazee kabla chakula hakijapoa.

"Sauti yake ilikuwaje?" nikamuuliza kinyozi.

Hakunielewa. "Sauti ya nani?"

"Ya mume wangu. Akiimba."

Akaanza kukunja na kukunjua kitambaa cha begani. "Nzito," akasema mwishowe. "Lakini laini, Shemeji. Ilikuwa laini."

Jumapili mchungaji aliniita baada ya matangazo. Kwaya walikuwa nyuma yangu, na mwimbaji mmoja wa alto alinigusa mgongoni kunipa moyo. Walijua nitasema ile sentensi, kisha tutaendelea na wimbo mwingine. Nilikuwa nimeiandika kabisa kwenye kiganja.

"Wimbo ule ni wa dunia," nikasema. "Uliimbwa ukumbini, mkacheza, na mzee wetu amesema kweli. Ila sikudanganyika. Nota zake aliziandika mume wangu, akaniachia, nami nimeupenda, na sitasema vingine. Kwaya mtafuteni mwalimu."

Ningeweza kukaa chini. Lakini lilibaki jambo jingine.

"Nimewaambia akina mama wengi hapa kwamba nilimtoa mume wangu duniani. Mlinipigia makofi. Sikumtoa duniani, ndugu zangu. Nilimtoa nyumbani kwake."

Mchungaji akakaribia kipaza sauti, akaniuliza kwa upole sana kama hayo ndiyo maungamo yangu. Nikamwambia ndiyo, ndiyo hayo, ila niliyepaswa kumwungamia tulishamzika.