Kiti Kisichoagizwa

Asubuhi ile Shangazi alikuwa akipigilia kitambaa cha kijani kwenye kiti, misumari midogo kaibana midomoni kama kawaida yake. Kitambaa alikwisha kukipiga pasi mara mbili, maana cha aina ile kikikunjamana kidogo tu, kunyanzi halitoki tena. Viti vilikuwa vya ukumbi mpya wa Umoja. Nchi yao ilikwisha kujitoa kwenye Umoja, lakini ikabaki kwenye Soko lake, kwa hiyo karakana ya familia yao iliruhusiwa kuuza kule kama zamani, alimradi ifuate kila sheria itakayotungwa huko.

"Ni sawa na mke aliyedai talaka akapewa, halafu bado anapika jikoni kwa mama mkwe," kaka yake alipenda kusema. Mtaani walimwita Msumari kwa ubishi wake. "Akiambiwa chumvi imezidi, atajibu nini?"

"Si wewe uliyepiga kura tutoke?" Shangazi alimjibu kwa pembe ya mdomo.

"Tutoke kote! Sikusema tutoe mguu mmoja."

Viti vilipokamilika, kilikutwa kimoja cha ziada. Umoja uliagiza kimoja kwa kila nchi mwanachama, na karakana haikukata mbao za kuzidi, lakini kilikuwa pale, mgongo umenyooka, kinasubiri vanishi. Binti wa Msumari, ambaye kazi yake ilikuwa kupaka vanishi, alikipaka kama vingine. Dereva wa lori akakataa kukipakia.

"Hiki hakina nchi," alisema, akafunga turubai.

Kikawekwa karibu na dirisha.

Shangazi ndiye aliyekikalia kwanza, apumzishe kiuno. Akasikia watu wakikohoa, maji yakimiminwa kwenye bilauri, na sauti ya mwanamke ikisema kikao kimefunguliwa. Alitema misumari kiganjani asikie vizuri. Ulikuwa ukumbi wa Umoja, mbali kabisa na pale, na hoja ya kwanza ilihusu vipini vya sufuria. Alitaka kuwaambia wenzake, ulimi ukacheza, sauti haikutoka. Alipoinuka ikarudi.

"Wanajadili sufuria," alisema.

Msumari akaomba apishwe. Sauti yake ilikuwa ya ngurumo; akimwita mwanawe, waliitika hata mabinti wa mtaa wa pili. Aliketi, akavuta pumzi, akafumbua mdomo awape vidonge vyao. Kimya. Mishipa ya shingo ikamsimama, kimya kilekile.

"Jamani, mwiteni mama aje aone," Binti alisema. "Baba kanyamaza na wala hajalala."

Tangu hapo walikikalia kwa zamu, kama watu wanavyosikiliza redio. Ikafika zamu ya Shangazi siku ilipoletwa hoja ya gundi. Gundi nyeusi ya kuchemsha, waliyoitumia tangu enzi za baba yao, ilisemwa kuwa moshi wake unaharibu mapafu, na kiti kilichoungwa kwayo kisiuzwe tena Sokoni. Shangazi aliujua moshi ule. Kikohozi chake mwenyewe kilikuwa shahidi. Lakini karakana haikuwa na namna nyingine ya kuunga viti, na bila Soko ingefungwa.

"Kuna mwenye la kusema?" mwanamke wa kikao aliuliza.

Shangazi alisema. Alisema kwa kifua kizima, machozi yakimlenga, kwamba hawakatai, wanaomba muda tu. Kule walisubiri kidogo, kwa adabu.

"Hakuna," mwanamke alisema. Ikapitishwa, ianze mwaka mpya.

"Basi tutoke na Sokoni!" Msumari alisema alipoelezwa. "Tuuze hapahapa, tujitawale."

"Hapa tumuuzie nani, kaka? Kila nyumba ya mtaa huu inakalia kiti chako, na hakivunjiki."

"Bora nilale njaa na kauli yangu."

"Kauli haina mchuzi. Na binti yako je, naye alale na kauli yako?"

Msumari akamtazama Binti, aliyekuwa akijifanya anasafisha brashi. Kisha akachukua patasi, akaanza kuchonga ulimi kwenye ncha ya mbao, na tundu la kuupokea kwenye mbao ya pili, akaubana kwa kigingi. Hapakuwa na tone la gundi. Alikivuta kiungo kwa mikono miwili, hakikutikisika.

"Kinachelewesha," alisema. "Palipotoka vitatu vitatoka viwili."

"Viwili vinauzika," Shangazi alisema.

Mwaka mpya ulipofika, karakana nyingi zilikuwa bado zinaisoma sheria. Ya kwao ilikwisha kupakia lori, na Shangazi hakukohoa masika yale. Habari ikaenea. Mtengeneza sabuni alikuja kuketi, mwoka biskuti naye, kila mmoja akisubiri zamu yake ukutani, na aliyesikia jambo aliinuka kumwambia anayehusika nalo. Mtaa mzima ukawa unajiandaa kabla barua hazijafika.

Msumari alijichagulia siku za kura. Alikuja amenyoa, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo. Mwanamke wa kikao akiuliza, alinyoosha mkono kwanza, kisha akatoa hoja zake zote mbele ya dirisha, moja baada ya nyingine, bila sauti. Kule walisubiri kidogo, wakaendelea.

"Umewaambia?" Shangazi alimuuliza siku moja alipoinuka.

"Nimewaambia."

"Wakasemaje?"

"Wamepitisha. Miguu ya viti iwe minene zaidi."

"Haya," Shangazi alisema, akamshikia mbao upande wa pili. "Minene kiasi gani?"