Pete ya Mabaki

Nakutegea, nawe jibu kabla kahawa yako haijapoa: mkubwa namkata tisa tisa mpaka anakuwa mdogo kama kidole, na bado namfanya shahidi. Nani huyo? Usione haya. Hata Wiebke, mjukuu wangu anayesoma hesabu chuo kikuu hapa Göttingen, hakumjua.

Alikuja jikoni kwangu uso umemshuka. Alikuwa amefeli mtihani wa mdomo, na kesho yake ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho.

"Walikuuliza nini?"

"Pete ya mabaki, Bibi."

"Pete yenyewe hujavishwa, ushafika kwenye mabaki?"

Akacheka kidogo. "Pete ni kundi la namba unazojumlisha, kutoa na kuzidisha bila kutoka nje yake. Hii inatunza mabaki ya kugawanya tu. Kuijenga naijua. Mwalimu Brandis akaniuliza ina faida gani, nikawa bubu."

Nikamkatia keki ya cheri, nikampa penseli. "Zidisha 347 kwa 58. Simu iache hapo hapo."

Akaandika pembeni mwa gazeti: 20136.

"Umekosea," nikamwambia kabla hajameza.

"Bibi, wewe si uliishia darasa la nane?"

"Na ndiko nilikofundishwa. Tatu, nne na saba ni kumi na nne. Toa tisa, inabaki tano. Namba ya pili: tano na nane ni kumi na tatu; toa tisa, nne. Tano mara nne, ishirini. Toa tisa, toa tisa tena, mbili. Haya, jibu lako: tarakimu zake jumla kumi na mbili, toa tisa, tatu. Mbili si tatu, mwanangu. Baki ndilo shahidi."

Akarudia: 20126. Baki, mbili.

"Kwa hiyo zikilingana niko salama?"

"Wapi. Zikilingana, huenda bado umekosea. Zisipolingana, umekosea tu."

Keki akaisahau.

Kesho yake nilimsindikiza. Kwa joto la Julai mlango wa chumba cha mtihani uliachwa wazi, nami nikakaa kwenye benchi nje, mkoba mapajani.

"Turudi tulipokwama, Bi Wiebke," Mwalimu Brandis akasema. "Ina faida gani?"

Nikaukumbatia mkoba.

"Inatupilia mbali karibu kila kitu," Wiebke akasema taratibu, "lakini kujumlisha na kuzidisha kunabaki vilevile. Kwa hiyo mlinganyo usio na jibu kwenye mabaki machache hauna jibu kwenye namba nzima, nazo hazina mwisho. Sihitaji kuzijaribu moja moja: pande mbili zisipolingana kwenye mabaki, hazilingani popote."