Gazeti Lisilo na Msomaji

"Gazeti ya serikali haikuji tena?"

Nilikuwa nimepanda juu ya kiti, nikibandika lebo mpya kwenye rafu ya watoto, na sikugeuka mara moja. Sauti ile sikuizoea. Kwa miaka miwili mama yule alikuwa akiingia na kunisalimia "takwenya", nami namjibu "iko", na mazungumzo yetu yanaishia hapo.

"Tulikata," nikasema. "Tangu Machi. Hakuna mtu alikuwa anasoma."

"Mimi nilikuwa nasoma."

Nilitabasamu. Nakiri hivyo kwa sababu yaliyofuata hayaeleweki bila tabasamu lile. Lilikuwa la upole, la mtu anayemwacha mwenzake aseme analotaka.

Ilikuwa Jumatano, tarehe kumi Juni 1998. Maktaba ya Kitengela ninayoisimulia ilikuwa chumba kimoja cha mawe na mabati kando ya barabara ya Namanga. Mimi ndiye niliyekuwa mkutubi, karani na mfagiaji wake. Nilikuwa nimesomea ukutubi Nairobi kwa miaka miwili, na elimu ile ilinikaa kichwani kama kofia mpya. Watu hudhani kazi ya maktaba ni kuleta vitabu. Kuleta ni rahisi. Hata wazungu wasiokujua watakuletea maboksi. Kazi ni kuamua kipi kikae na kipi kitoke, kwa sababu rafu hazirefuki, na kila kitabu kilicholala pale bila kuguswa kimemfungia nje kitabu kingine ambacho mtoto fulani angekisoma mpaka kurasa zikatike.

Vitabu vya kuazima havikunisumbua. Nyuma ya jalada mna karatasi ya tarehe, nami ningeona kimetoka mara ngapi. Kwa vile visivyotoka, yaani kamusi, ramani na magazeti, nilibandika tangazo ukutani: UKIMALIZA KUSOMA, ACHA MEZANI. Saa kumi na moja jioni, kabla ya kufunga, nilipita mezani na daftari langu. Kila nilichokikuta nilikichorea kijiti kimoja, ndipo nikakirudisha mahali pake. Mwisho wa mwezi nilihesabu vijiti. Njia hiyo nilifundishwa chuoni, nami niliipenda kwa sababu haimpendelei mtu.

Kisha zikaja zile mvua za El Niño. Maji yaliingia kupitia matundu ya misumari, na kati ya rafu zote yakachagua ya watoto. Tulianika vitabu uani kama mahindi, lakini vingi vilishikana kurasa na kuota ukungu. Vitabu mia moja na arobaini nikavifuta kwenye rejista. Januari nilipokutana na kamati, bajeti ilikuwa ile ile ya mwaka uliopita. Ili watoto wapate vitabu, kitu fulani kilikuwa lazima kikatwe.

Nilikuja na daftari langu. Gazeti Rasmi la Serikali lilikuwa linatufikia kila wiki kwa posta, zito na la gharama, kurasa na kurasa za matangazo ya kampuni zilizofungwa, mirathi na mashamba. Kwa miezi kumi na minne lilikuwa na vijiti sufuri.

"Sasa hiyo nani husoma?" akauliza mwenyekiti wetu, Bwana Wanyoike, ambaye alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi na ploti zisizopungua sita. "Hata mimi na mashamba yangu sijawahi kuifungua."

Wote wakacheka. Kumbukumbu za mkutano ziliandikwa: mkutubi ameonyesha kwa takwimu kwamba gazeti halina msomaji. Nikatia sahihi. Vitabu vya hadithi vilifika Machi, na siku ile watoto walipanga foleni mpaka nje ya lango. Nilifurahi sana, na kwa sehemu ile ya uamuzi sijutii hata leo.

Yule mama aliitwa Soila. Alikuwa akileta maziwa kwenye hoteli za stendi, na Jumatano, akishamaliza, aliweka mitungi yake mitupu mlangoni na kuketi kwenye benchi lililo chini ya rafu ya magazeti. Alichukua Gazeti Rasmi, akaliweka magotini, akashusha kidole ukurasa hadi ukurasa, polepole. Ikipita nusu saa alilikunja kwenye mikunjo yake ile ile na kulirudisha rafuni, kingo zikiwa zimelingana. Wasomaji wengine waliacha meza kama watu waliotoka kula harusi. Yeye hakuacha chochote, kwa hiyo daftari langu halikumjua. Ila mimi nilimwona. Nilimwona kila Jumatano. Nilikuwa na maelezo yangu kumhusu, na maelezo yale sikuyaandika popote.

Gazeti lilipokoma hakuacha kuja. Aliketi, akaangalia rafu tupu, akakaa kidogo, akaondoka. Nikajiambia, unaona?

Basi siku ile ya Juni nikashuka kitini, na Soila akafungua fundo la leso yake na kutoa kipande cha karatasi kilicholainika kama kitambaa. Kilikuwa na jina Kajiado, jina Kitengela, na tarakimu nne.

"Hii ni namba ya shamba yetu," akasema. "Title, ile hati yenyewe, iko na majina mbili, ya bwana yangu na ya ndugu yake, Parmuat. Bwana alikufa. Parmuat anataka kuuza. Aliniuliza title iko wapi, nikamwambia sijui. Iko kwangu, ndani ya sanduku."

"Sasa gazeti?"

"Karani moja huko Kajiado aliniambia. Parmuat akienda kuapa ati title imepotea, watatangaza kwa hii gazeti. Siku sitini. Nikiona hii namba, nakimbia na title yangu, nawaonyesha. Hiyo ndio nilikuwa naangalia." Akakunja karatasi. "Nilifikiri gazeti imechelewa. Niliona aibu kuuliza, nisikusumbue."

Tabasamu langu sijui lilienda wapi. Nakumbuka tu kwamba nilifunga maktaba mchana, jambo ambalo sikuwahi kulifanya hata kwa msiba, na kesho yake asubuhi nikawa Nairobi, kwenye kaunta linakouzwa Gazeti Rasmi. Nikanunua matoleo kumi, kuanzia mahali tulipoacha. Nikaketi kwenye ngazi za nje nikafungua la kwanza, la tarehe tatu Aprili, nikashusha kidole nilivyozoea kumwona akishusha. Ile namba ilikuwa pale, na majina mawili chini yake. Matoleo yale mengine sikuyafungua. Nilihesabu siku kwa vidole, nikarudia. Sitini zilikuwa zimekwisha tarehe mbili Juni, na siku ile ilikuwa kumi na moja.

Ijumaa tukaenda Kajiado pamoja, yeye amebeba lile sanduku la bati mapajani. Ofisi ya ardhi ilikuwa imefuata utaratibu wake bila kosa: mtu ameapa, tangazo limetolewa, hakuna aliyepinga, hati mpya imetoka na imechukuliwa. Ofisa aliishika ile hati ya zamani mkononi, akaigeuza nyuma na mbele, akamtazama Soila kwa huruma. "Mama, ungekuja tu mwanzo wa wiki jana," akasema. Mimi nililia pale pale kwenye foleni, watu wakidhani shamba ni langu. Soila hakulia. Aliomba maji ya kunywa.

Kesi ilifika kortini mwaka wa 2001. Parmuat alikuwa ameshauza upande wa barabarani, na wakili wake alikuwa na hoja moja tu, lakini kali. Huyu mama anadai alifuatilia Gazeti Rasmi kila wiki kwa miaka miwili. Basi hizi hapa kumbukumbu za kamati ya maktaba yenyewe. Bwana Wanyoike alikuwa ameombwa nakala akaitoa, kama mtu mwaminifu anavyotakiwa. Gazeti halina msomaji, na chini yake sahihi yangu. Kwa hiyo hadithi ya mama ni ya kutunga, na hata hiyo hati yake ya sandukuni, nani ajuaye aliichukua lini na kwa njia gani?

Nikaitwa shahidi. Karani wa korti alikuwa amewekwa amtafsirie Soila kwa Kimaasai, ingawa Kiswahili alikisikia vizuri.

"Hii ni sahihi yako?"

"Ni yangu."

"Na hii sufuri, wewe ndiye uliandika?"

"Ni mimi. Lakini ni makosa. Alikuwa akisoma."

"Ulimwona?"

"Kila Jumatano. Anashika gazeti, anapitisha kidole."

Wakili akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Swali lenyewe lilikuwa la haki. "Madam, wewe ni mkutubi umesomea hiyo kazi. Unamwona mtu na gazeti mkononi kila wiki, miaka miwili. Mbona hukumhesabu?"

Jibu la kitaalamu nilikuwa nalo: tangazo la ukutani, vijiti, meza. Lilikuwa la kweli, na lingenitosha. Hakimu alikuwa ameinua kalamu akingoja. Nikaangalia upande wa Soila, naye alikuwa akinitazama tu, mikono juu ya sanduku, bila kunisihi.

"Nilidhani hajui kusoma," nikasema. "Nilidhani anaingia kupumzika, jua likiwa kali, akingoja gari. Gazeti nilifikiri analishika ili nisimfukuze."

Kisha nikasikia jibu langu likirudiwa kwa Kimaasai, neno kwa neno, na wazee waliokuja na Soila wakageuka wote kunitazama. Hakimu akaandika kwa muda mrefu.

Hukumu ilitoka miaka miwili baadaye. Hati mpya ilifutwa, na Soila akabaki na boma, kaburi la mumewe na ekari za nyuma. Ule upande wa barabarani haukurudi. Walionunua walikuwa wameshajenga, na leo kuna nyumba za kupanga za ghorofa nne na duka la simu. Nikipita pale huwa siangalii. Kamati ilirudisha Gazeti Rasmi bila ubishi, na daftari la vijiti nikaliacha. Siku hizi nainua kichwa na kutazama nani ameshika nini.

Lakini siku ile ya ushahidi, hayo yote yakiwa bado mbele, nilitoka kortini nikasimama peke yangu kando ya ukuta, nikiona haya hata kumsogelea. Yeye ndiye aliyekuja. Wazee wake walibaki nyuma.

"Mwongeli," akaniita. Siku zote alikuwa ameniita madam. "Ati nilikuwa nakuja kupumzika?"

"Nisamehe, mama."

Akatazama barabara. Uso wake haukuwa na hasira, wala haukuwa umenisamehe.

"Hata hiyo nilikuwa nafanya," akasema. "Huko kwako ndani kulikuwa na baridi poa." Kisha akaenda kuwafuata wazee wake.