Dirisha Lililohama Alfama

Dona Ermelinda alikuwa anachambua maharage katika fleti yake mpya huko Odivelas, nje kidogo ya Lisbon, alipofungua dirisha la jikoni apate hewa, akauona mto Tejo. Jana yake dirisha hilo lilitazama maegesho ya magari. Sasa chini yake zilishuka ngazi za Alfama, mtaa aliozaliwa, na ng'ambo ya kichochoro jirani yake wa zamani, Celeste, alikuwa anaanika mashuka.

"Umerudi?" Celeste akamuuliza.

"Sijarudi. Dirisha ndilo limenifuata."

"Basi nishikie hii kamba."

Ermelinda akanyoosha mkono, akaishika.

Tangu ahamishwe hakuwa ametulia. Alilala akaamka, akasogeza viti, akavirudisha. Mwenye nyumba wake wa Alfama, Senhor Tadeu, alimwambia nyumba inataka ukarabati. Alipotoka, kuta zikapakwa rangi, vikaingizwa vitanda, na picha ya lile dirisha ikawekwa mtandaoni. Wageni waliotafuta pa kufikia walizipita nyumba nyingi, wakaiona picha hiyo, wakachagua hapo. Sasa walifungua dirisha huko Alfama wakakuta maegesho ya Odivelas na mtu anasukuma toroli la duka. Wakalalamika.

Tadeu akaja Odivelas na fundi. Hakugomba. Alieleza kwamba, kwa mujibu wa mkataba, madirisha ni ya nyumba.

"Lichukue, senhor," Ermelinda alisema. "Mimi sikulibeba."

Fundi aling'oa fremu na vioo, wakaondoka navyo. Likabaki tundu ukutani, na tundu hilo likaendelea kutazama mto. Upepo wa Tejo ukaingia jikoni, na harufu ya dagaa wa kuchoma wa kina Celeste. Ermelinda akatundika pazia.

Habari zikamfikia mwenye fleti ya Odivelas, mwanamke mpole aitwaye Dulce. Akaja kupiga picha. Wiki hiyo hiyo wageni wakaanza kuulizia: mto unaonekana, treni ya metro iko karibu, na hakuna ngazi za kuburuzia masanduku. Dulce akarudi, safari hii amevua kofia.

"Dona Ermelinda, nyumba inataka ukarabati."

"Ukarabati gani, mwanangu? Rangi bado inanuka."

"Ndiyo hivyo, Dona."

Ermelinda akafunga nguo zake. Aliona afadhali akatafute chumba Alfama kwenyewe, awe upande ule anaoutazama. Akapanda zile ngazi, akabisha kila mlango. Pengi palikuwa na kufuli za kubonyeza namba, hakuna mtu ndani. Mwisho akakuta mlango wazi, na binti nadhifu amekaa nyuma ya meza. Ermelinda aliitambua: ilikuwa nyumba ya marehemu shangazi yake. Binti akamsalimia kwa Kiingereza, kisha kwa Kireno, akamletea maji.

"Natafuta pa kukaa," Ermelinda alisema. "Mimi ni wa hapa. Nimezaliwa mlango wa tatu kutoka huu."

"Karibu sana, Dona," binti akajibu, akitabasamu kwa dhati. "Utalala siku ngapi?"