Jezi Mikononi mwa Philister

Timu ya Alvin ina desturi yake: mchezaji mpya havai jezi ya kwanza mpaka aliyemlea amkabidhi kwa mkono wake. Aliyeibuni, nadhani, hakuwahi kukutana na Philister.

Mama huyo alikuwa kando ya uwanja kule Fridley, jirani na Minneapolis, amefunga koti mpaka kidevuni ingawa ilikuwa Mei, ameikumbatia jezi kama mtu aliyeficha kitu. Alvin, mwanawe wa pekee, alikuwa amesaini mkataba wa raga ya kulipwa huko Kolorado, na timu hiyo ilikuwa imekuja kucheza na klabu ya hapa nyumbani. Philister alitaka awe nesi. Yeye mwenyewe anahudumia wagonjwa Minneapolis, wodi ya waliovunjika shingo na migongo, na habari za mchezo huu hakuna wa kumhadithia.

"Mum, ukikataa kunipa, sitavaa," Alvin alimwambia. "Nita-cancel contract nirudi nursing school. I mean it."

"Wacha nione kwanza," akajibu. "Watu wazima kugongana vichwa, hiyo nayo ni kazi?"

Akawatazama wakipasha misuli moto. Majitu yalisukumana, yakaangushana, na yeye roho mkononi. Kisha yakajipanga mistari miwili kungoja mpira urushwe kutoka pembeni. Alvin akachuchumaa nyuma ya mwenzake mmoja, mgongo umenyooka, mchezaji mwingine akamshika huyo mwenzake kwa mbele, wakamwinua, na ghafla bonge la mtu likapaa. Philister alibaki mdomo wazi. Mwanamume wa kilo mia na ushee alikuwa ametulia hewani, juu ya vichwa vya wote, akidaka mpira kama anayechuma papai! Na aliyemshikilia huko juu ni mtoto wake wa kumzaa.

Lakini alichokikazia macho ni kule kushuka. Mpira ulikuwa umeshaondoka na wenzake wanaufukuzia. Alvin hakukimbia. Alimshusha yule mtu taratibu, na hakumwachia mpaka nyayo zote mbili zikakanyaga nyasi.

Mikono ile Philister aliijua. Nahashon, marehemu mumewe, alipopata kiharusi, upande wa kushoto ukafa kabisa. Kila asubuhi kabla ya basi la shule, mama na mwana walimtoa kitandani, wakamkalisha kwenye kiti, wakamvisha shati. Kunja magoti, Philister alikuwa akimfundisha kijana. Usimwachie Baba mpaka akanyage.

Hakungoja sherehe. Alivuka mstari na mkoba wake begani, akakatiza katikati ya mazoezi, kocha akimpungia mikono bure.

"Inama," alimwambia Alvin.

Desturi ilitaka amkabidhi tu. Philister alimvisha mwenyewe, pale pale mbele ya watu, machozi yakimtiririka bila kuyafuta: mkono wa kushoto kwanza, kama walivyokuwa wakimvisha Nahashon.