Sauti Nyembamba

Swafiya aliacha kukoroga uji, mwiko ukasimama hewani. Sauti ile ilikuwa imerudi. Ilitoka darini, kwenye boriti iliyopita juu kabisa ya kitanda cha mkwewe, nyembamba kama chumvi inayomwagika taratibu kwenye sinia. Chini yake paka wa nyumba alikuwa ameketi, masikio wima, macho darini. Basi walikuwa wawili walioisikia, na mmoja wao hakuwa na wa kumweleza.

"Mtwa hao tena, mama," Swafiya alisema. "Tuhame hapa. Hata kiwandani, hapo uani, ni afadhali."

"Wako kitwani mwako, mwanangu," Bi Radhiya akajibu kutoka kitandani. Miguu ilikuwa imemlegea tangu masika, lakini ulimi haukulegea hata kidogo. "Mimi nalala tini ya boriti hizi tangu nilipoletwa bibi harusi, na sisikii kitu. Hata popo siku hizi hawako. Zamani magharibi wakilia hapo kiwandani kama vifaranga. Wamehama. Na mtwa nao wamehama."

Mchwa walikuwa pale pale darini. Popo hawakuhama. Kila magharibi aliwasikia wakipita juu ya kiwanda, na mkwewe aliposema mara ya kwanza kwamba wamekwenda zao, alidhani anafanyiwa mzaha. Baadaye alielewa kwamba mama wa watu hatanii, ila hawasikii tena.

Mumewe, Gharib, alikuwa mikokoni, mbali huko nyuma ya kisiwa cha Ndau, akikata boriti. Boriti nyekundu, nzima, ngumu, zinapangwa ufukweni kisha zinapakiwa kwenda kushika dari za watu wa Ghuba. Moja tu kati ya hizo ingemtosha mama yake mzazi. Lakini nyumba si yao, na mpangaji hana ruhusa hata ya kung'oa msumari. Bwana Jamaludin, mwenye nyumba, alikuwa amesema hafungui dari yake kwa maneno ya mke wa mtu. Aje kwanza msimamizi wa majengo, aikague. Msimamizi aliitwa wakati wa masika, na sasa kaskazi ilikuwa inaanza kuvuma. Leo ndiyo siku aliyoahidi kuja.

Swafiya alimlisha mkwewe, akamfuta mdomo, akaegama ukutani. Usingizi wa mchana ukamchukua kidogo, na sauti ile ikaingia naye ndani yake. Aliota nyumba nzima imejengwa kwa sukari guru, imetulia katika mwanga mweupe, na vinywa vidogo visivyoonekana vinailamba. Hakuogopa. Alisimama tu akisikiliza, kama mtu anayesikiliza mvua, mpaka aliposhtuliwa na hodi mlangoni.

Alivaa buibui, akajificha nyuma ya pazia. Bwana Jamaludin aliingia mbele, akikohoa kwa adabu. Nyuma yake alikuja msimamizi, Bwana Obeid, mtu wa Mombasa, soksi za kaki mpaka magotini, fimbo mkononi. Alimwamkia Bi Radhiya, kisha akaanza kugonga boriti moja moja. Ngo. Ngo. Ngo.

"Nzima hizi," akasema.

"Bwana msimamizi," Swafiya akasema nyuma ya pazia, kwa sauti ya chini aliyofunzwa tangu utotoni, "ukizigonga, mtwa wanyamaza. Tulia kidogo, utawasikia. Wazila kwa ndani, si kwa nde."

Bwana Obeid hakuligeukia pazia. Alimgeukia Bwana Jamaludin. "Anasemaje?"

"Akushukuru kwa kuya," Bwana Jamaludin akasema bila kupepesa macho. "Tena asema mumewe yuko safarini, hapati usingizi."

Swafiya alishika pazia. Akarudia maneno yake yote, neno kwa neno.

"Anasemaje?" msimamizi akauliza tena.

"Ni woga wa kike tu, bwana."

Hapo Swafiya akachungulia, akamwona Bwana Obeid ameikodolea macho midomo ya mwenye nyumba. Sauti nzito ya mwanamume ilikuwa inamfikia. Ya kwake haikumfikia kabisa. Akawaza mapazia yote ya mji huu ambayo mtu huyu alikwisha kusimama mbele yake, na wenye nyumba wote waliosimama kando yake wakimfasiria. 

Alilifungua pazia akatoka. "Mtwa wazila boriti!" alipaza sauti. "Dari itamwangukia mama!"

"Astaghfirullah!" Bwana Jamaludin akaruka. "Sauti hiyo mbele ya wanaume? Huna haya we?"

Lakini Bwana Obeid alimtazama kama aliyeamshwa. "Nimekusikia, bibi," akasema polepole. Akamgeukia mwenye nyumba, akamwomba amletee ngazi. Bwana Jamaludin alitoka akinung'unika.

"Nilikuwa kwenye mizinga, vita vya Bama, vile vya Mjapani," Bwana Obeid akasema walipobaki yeye, Swafiya na mgonjwa. "Niliporudi daktari alinishikia kijifilimbi chenye kipira, akakiminya. Nikaona kipira kinabonyea, sauti sikuisikia. Akaniambia sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kwenda. Nzito zinabaki, ndiyo maana mtu hajui kwamba amepungukiwa. Humu masikioni mwangu mna nyenje analia, hanyamazi mchana wala usiku."

"Basi andika kwamba husikii," Swafiya akasema, sauti bado juu.

"Nikiandika hivyo, kesho fimbo hii anapewa mwingine. Nina watoto, bibi."

"Toboa boriti basi, uone kwa mato yako."

"Kutoboa kunataka idhini ya mwenye nyumba."

"Na mwenye nyumba ataka neno lako kwanza!"

Bwana Obeid aliinamisha kichwa. Alikuwa na uso wa mtu mwema, na Swafiya alimchukia zaidi kwa hilo.

Bwana Jamaludin akarudi mikono mitupu. Ngazi imeazimwa, akasema. Bwana Obeid akapangusa vumbi kwenye fimbo yake. "Sikuona kitu, sikusikia kitu. Dari ni nzima."

"Alhamdulillahi. Mpe bwana kahawa," Bwana Jamaludin akasema.

Swafiya hakubisha. Alileta kahawa, akaleta na kiti, akakiweka karibu na kitanda, chini ya boriti ile ile. "Karibu uketi, bwana," akasema kwa sauti ambayo hata yeye angeisikia.

Bwana Obeid alipokea kikombe. Akatazama juu. Kisha akakivuta kiti mpaka penye mlango, chini ya tao la mawe, akaketi hapo, akanywa haraka, akaaga.

Walipokwisha kutoka, Bi Radhiya alikitazama kiti kile pale mlangoni. Masikio yake yalikuwa yamezeeka, macho bado.

"Yule mtu kasema dari ni nzima?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona kiti kakivuta?"

Swafiya aliinua macho kwenye boriti.

"Nitoe hapa, mwanangu."

Alimwita Umi, mpangaji mwenzake, wakakibeba kitanda na mwenyewe juu yake mpaka kiwandani, mahali ambapo Bwana Jamaludin alikataza kuwekwa hata ndoo. Paka akawafuata. Mwanga wa alasiri ulipungua ukutani, na magharibi popo wakaanza kutoka, wadogo, weusi, wakikata huku na huku juu ya kiwanda.

Bi Radhiya aliwakazia macho. "Kumbe wako. Mbona wamekuwa mabubu?"

"Si mabubu, mama. Walia."

"Hivi sasa?"

"Hivi sasa."

Bikizee aliwatazama popo kwa muda mrefu, vinywa vyao vidogo vikiwa wazi, naye asisikie kitu. Akaushika mkono wa Swafiya. "Na mtwa?"

"Wangali wakila."

"Basi nenda mlangoni umwambie Jamaludin. Mwambie kwa sauti ile ile ya mtana."

Swafiya akaenda. Mwenye nyumba alikuwa anapita kichochoroni, kofia mpya kichwani, anakwenda kusali.

"Bwana Jamaludin!" akaita, na waliokaa madakani, kwenye baraza za milango, wote wakainua vichwa. "Mtwa waila dari yako! Mama nimemtoa, na hatumrudishi tini yake!"

Bwana Jamaludin, ambaye masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote, akaongeza mwendo.