Fundo Chini ya Meza ya Msumeno

Lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Ndivyo mama mmoja alivyojiambia tangu siku aliposikia yale maneno saluni, kichwa kikiwa nusu kimesukwa nusu kimetimka. Kwamba mtaa wa pili kulikuwa na mkata vioo aliyeufungulia maji msumeno wake, umeme ukapanda kwenye maji kama mjusi ukutani, ukamchukua akiwa wima.

"Wima hivyo hivyo," msusi alisema. "Jirani akamsalimia mara mbili ndipo akashtuka."

Mama akauliza jina la marehemu. Msusi hakulijua. Aliyemwambia msusi naye hakulijua. Lakini uvumi hauhitaji jina ili uingie. Uliingia kama mdudu sikioni, ukakaa humo ukitambaa.

Bintiye alikuwa mkata vioo. Kifungua mimba wake, na kitinda mimba pia, maana hakujaliwa mwingine. Mtaa mzima ulimwita Fundi, hata mama mtu alizoea. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu chenye vioo vilivyoegemezwa ukutani pande zote, na mwanga wa dirishani ulipoingia humo ulipotea njia. Uligonga huku, ukarudi kule, ukageuka kijani kibichi. Mama alipoingia na kapu la chakula aliwaona viooni akina mama wanane, wote na makapu, wote na wasiwasi mmoja.

Katikati ilikaa meza ya msumeno. Diski yake ya chuma ilichomoza juu ya meza kama nusu sahani, na ukingoni ilikuwa na chembe za almasi, ndogo kama mchanga. Mpira wa maji ulitoka kwenye pampu ndani ya pipa, ukagawanyika chini ya meza: tawi moja likamwagia diski upande wa mbele, jingine upande wa nyuma, ndani ya kifuniko, karibu na mota. Mama alitazama maji. Akatazama waya. Mdudu akatambaa.

Mchana huo alisinzia kitini, akaota nyumba ya kioo. Maji yalikuwa yakipanda ngazi taratibu, bila kelele, kama mgeni anayevua viatu mlangoni. Bintiye alikuwa ngazi ya juu kabisa, amempa mgongo. Mama akaita, sauti ikatoka povu.

Kesho yake, Fundi alipokwenda kupima mlango wa mteja, mama alipiga magoti chini ya ile meza. Alikuwa amechana utepe kwenye shuka kuukuu lenye maua ya buluu. Akalikaza lile tawi la nyuma, lililo karibu na mota, fundo juu ya fundo, mpaka likakauka. La mbele aliliacha, Fundi asije akagundua. Akarudi nyumbani moyo mweupe, na usiku ule hakuota kitu.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ni kweli. Lakini msumeno haujui uchungu. Unajua maji tu.

Siku ya tatu alipoleta chakula, aliusikia kabla hajafika mlangoni. Ulikuwa ukilia kwa sauti nyembamba, ndefu, kama mtu anayeimba akiwa usingizini. Hewa ilinuka chuma kilichoungua.

"Shikamoo mama," alisalimia jirani wa karakana, mtengeneza fremu za vioo, ambaye kila mtu alimwita Fremu.

"Marahaba, baba. Una nini huo?"

"Muulize mwenyewe. Fundi ameupeleka kwaya, sasa haukati, unaimba tu."

"Nyamaza wewe, misumari yako yenyewe inapinda kabla ya nyundo," Fundi alimjibu bila kuinua kichwa. Miwani yake ya kazi ilikuwa imejaa vumbi jeupe. Mbele yake kililala kioo kinene cha kaunta, kimekatwa shibri moja, na mkato wenyewe ulikuwa umejaa mapengo kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Mapengo yote yalikuwa upande mmoja.

Mama akaketi kwenye kasha. Kapu likabaki mapajani.

Fundi aliuzima msumeno, akachomoa plagi yake. Akatazama mshale uliochorwa kwenye diski: ulielekea kunakotakiwa. Akaijaribu nati kwa spana: imekaza. Akashika penseli karibu na ukingo, akaizungusha diski kwa mkono, taratibu, aone kama inayumba. Ikaigusa penseli kidogo mahali pamoja, ikaiacha. Kisha akapitisha ukucha ukingoni.

"Njoo uguse, mama."

Mama akagusa. Palikuwa laini kama kijiko.

"Panatakiwa pakwaruze kama msasa. Almasi zimo ndani ya chuma, na chuma kinatakiwa kilike kidogo kidogo ndipo zichomoze. Sasa kimeyeyuka kikazifunika. Haukati, unasugua. Jana nimeunoa kwenye tofali laini, ukakata vizuri mara mbili, halafu ukalala tena. Kitu kinaupa joto, na mimi sikioni. Maji yanatoka. Si unayaona?"

Mama aliyaona, upande wa mbele, yakitiririka bila hatia.

"Mwenye kioo anakuja saa tisa," Fundi alisema. Akarudisha plagi. "Basi. Leo nausukuma kwa nguvu, utake usitake."

Msumeno ukaanza kuimba. Fundi akaegemeza uzito wake wote kwenye kioo, viganja vyote viwili vikiielekea diski. Na mama, kwenye vioo vya ukutani, akawaona mabinti wanane wameinama, mikono kumi na sita inasogea, na kila diski imeanza kuwa nyekundu ukingoni, nyekundu ya kupendeza, kama jua linapotaka kuzama. Akajua hii haikuwa ndoto. Katika ndoto yeye ndiye aliyekuwa akiita. Hapa alikuwa amekaa kimya na kapu.

"Zima!"

"Mama?"

"Zima, mwanangu, toa mikono! Maji nimeyanyonga mimi!"

Fundi akazima. Diski ilizunguka, ikapunguza mwendo, ikasimama. Fundi alipiga magoti chini ya meza, akapapasa gizani, akatoka na utepe wa maua ya buluu.

"Hili shuka langu la utotoni."

"Ndilo."

"Ulikuwa unanikinga na nini?"

"Na maji. Kuna mtu mtaa wa pili..."

"Mama, siku ukianza kufuga samaki, utuite tuje tuone," Fremu alisema kutoka mlangoni. Hakuna aliyecheka, naye mwenyewe akaona aibu.

Fundi aliifungua diski, akaitoa, akaigeuza upande uliokaushwa. Toka kwenye tundu la katikati kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Akaigonga kwa mpini wa spana. Diski nzima hulia kama kengele. Hii ilitoa sauti ya sufuria yenye ufa.

"Ningeusukuma mara moja tu zaidi, ingenirukia vipande," alisema polepole.

Mama alilia. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na siku ile alilia hasa.

Baadaye Fundi alimshika mkono, akampeleka kwenye kijisanduku cha umeme ukutani, chenye kitufe kimoja. "Bonyeza." Akabonyeza. Klik! Taa zikazimika, pampu ikanyamaza. "Umeme ukipotea njia hata kidogo, hiki kinaukata kabla hujasema aa. Nakijaribu kila asubuhi. Ungeniuliza, mama. Ungeniuliza tu."

Akafunga diski mpya, akaurudisha umeme. Maji yakatoka pande zote mbili, yakachanganyika na unga wa kioo, yakawa meupe kama maziwa. Diski ikapita katika kile kioo kinene kwa sauti ya chini, ya kunong'ona, na kwenye kuta zote za kijani akina mama wanane walisimama wakitazama, makapu yao chini.

Diski yenye ufa imening'inizwa juu ya mlango wa karakana, imefungwa kwa utepe wa maua ya buluu. Chini yake pamebandikwa karatasi, mwandiko wa mama mwenyewe:

Usikate kioo bila maji pande zote mbili. Tazama na nyuma.
Usisukume msumeno usiokata.
Msumeno ukiimba au ukinuka, usiendelee. Zima.
Usinoe mara ya pili bila kutafuta kilichouharibu.
Usitumie diski yenye ufa, hata ufa wa unywele.
Usiguse diski kabla ya kuchomoa plagi.
Usishike swichi kwa mkono wenye maji.
Usiguse mashine ya mtu asipokuwepo, hata kama ni mwanao.
Usibebe la saluni mpaka kazini.